Ofisi ya pamoja Mtwara ijengwe kama ghala la chama cha ushirika

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi timu yetu hukutana mtandaoni. Dar es Salaam wako saba, wamezunguka meza moja ndefu, chai inapita, na kipaza sauti ni kimoja kwa wote. Kwa miaka miwili Mtwara nilikuwa peke yangu, chumbani kwangu Chikongola, kijiboksi kwenye kona ya skrini yao. Nikitaka kuchangia naanza na "samahani, mnanisikia?" Wakishanisikia, hoja imeshapita. Siku moja waliamua kusogeza mbele ratiba ya kwenda kwa wakulima wa Tandahimba. Anayekwenda Tandahimba ni mimi. Nilipata habari jioni, kwa ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu uamuzi wenyewe ulipita baada ya kikao kufungwa, wakati wenzangu wanakunja kompyuta na kuulizana wakale wapi.

Simlaumu mtu. Watu saba walioko chumba kimoja watasemezana tu, na asiyekuwepo hatasemezwa. Ila tangu tupate chumba cha ofisi hapa mjini, tukichangia na asasi moja na mhasibu anayejitegemea, nimebadilika kimawazo. Wanaopigia debe ofisi za pamoja huanza na meza nzuri, kiyoyozi na kahawa. Kwa mji kama huu hayo ni ya ziada. Faida yenyewe ni kumtoa mtu wa huku kwenye ile kona ya skrini.

Tangazo la kazi siku hizi halikosi maneno "kazi mseto": siku kadhaa njoo ofisini, zilizobaki fanyia nyumbani. Kwa anayeishi Kimara, Dar es Salaam, maneno hayo yana maana. Jumanne na Alhamisi anapanda mwendokasi, siku nyingine anabaki kwake. Kwa wa Mtwara, ofisi iko kilomita kama 560. Basi la alfajiri linamfikisha jioni, analala kwa shemeji, anahudhuria vikao viwili, anarudi, na mpaka miezi mitatu ipite hawamwoni tena. Mkataba wake unasema mseto. Maisha yake ni ya nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa.

Tofauti kati ya hali hizo mbili imewahi kupimwa. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa kituo cha simu cha kampuni ya usafiri ya China iliyojulikana kama Ctrip. Waliopelekwa kufanyia nyumbani siku 4 kati ya 5, kwa miezi 9, utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13. Mabosi wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Utafiti huohuo, uliochapishwa 2015, una mengine. Ukimlinganisha wa nyumbani na wa ofisini wenye utendaji sawa, wa nyumbani alipandishwa cheo mara chache zaidi. Na walipoachiwa wachague wenyewe, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini. Lalamiko lao kubwa lilikuwa upweke.

Mwaka 2024 Bloom na wenzake walichapisha utafiti mwingine wa kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com. Wafanyakazi walikuwa 1,612, wakiwemo waandika programu, na kundi moja liliruhusiwa kubaki nyumbani siku 2 tu kwa wiki. Kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja, na upandaji vyeo haukuguswa. Sitaivuta kamba sana, maana kupokea simu si sawa na kuandika programu za kompyuta, na Shanghai si Mtwara. Lakini mtu aliyekaa Chikongola miaka miwili akisoma matokeo hayo haoni ajabu. Nyumbani kuna utulivu wa kazi. Kuonekana, kukumbukwa na kusemezwa kunataka mahali pa kukutania, na sisi mahali hapo hatukuwa napo.

Chumba chetu kiko Shangani, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukifungua dirisha unasikia mabati yakishushwa. Tuko sita. Watatu ni wa kampuni yetu, inayokusanya takwimu za kilimo. Baada yangu waliajiriwa vijana wawili wa hapahapa. Wawili ni wa asasi ya afya yenye makao makuu Dodoma. Wa sita ni mhasibu anayejitegemea, anafunga hesabu za wateja ambao wengine hajawahi kuwaona kwa macho. Kuna feni mbili, ruta mbili za kampuni tofauti, inveta yenye betri nne, na kabati la chuma lenye kufuli tatu.

Jumatatu ya kwanza tulikaa watatu mbele ya kompyuta moja. Katikati ya kikao kijana mmoja alininong'oneza kitu kuhusu fomu za Newala, nikacheka, naye akacheka. Dar wakanyamaza. Halafu meneja akauliza: "Mmesema nini huko?" Miaka miwili nilikuwa sijawahi kuulizwa swali hilo.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Mtu mmoja kwenye skrini anahesabiwa kama mgeni mwalikwa; watatu wakiwa chumba kimoja wanakuwa upande. Wana minong'ono yao na siri zao ndogo, na wanaweza kukubaliana jambo kabla ya kikao kama wanavyofanya wa makao makuu. Hata lugha ya barua ilibadilika. Zamani ziliandikwa "mwakilishi wetu Mtwara", siku hizi zinaandikwa "ofisi ya Mtwara", ingawa hakuna aliyetoa waraka wa kuianzisha.

Nikiri palipo na upungufu. Mhasibu wetu hana timu, kwa hiyo faida hiyo haimhusu. Wateja wake hawamkumbuki zaidi kwa sababu yeye anakaa nasi. Alikuja kwa sababu nyingine, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kwanza: nyumbani hakuna anayeamini kwamba unafanya kazi. Mama yangu mdogo alikuwa akinituma dukani kikao kikiendelea. "Si upo tu hapo mwanangu, unachezea kompyuta." Fundi bomba akija, nimsubiri mimi. Msiba mtaa wa pili, niwahi mimi kukaa na wafiwa, kwa kuwa wengine "wako kazini". Nilipoanza kutoka saa mbili kasoro na begi mgongoni, mama mdogo yuleyule akaanza kuniambia, "Haya, kazi njema, Mungu akutangulie." Kazi ni ileile na mshahara ni uleule. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba na bosi naye alikuwa haoni mpaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini saa za mtu anayefanyia kazi kitandani nani anazihesabu? Mlango unaofungwa saa kumi na moja jioni unasaidia kuliko kifungu cha sheria.

Sasa nije kwenye ghala, maana hapa kusini hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Mkulima mwenye magunia matatu ya korosho hajengi ghala. Anapeleka kwa chama cha msingi cha ushirika, inapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo wake unakaa na wa jirani yake mpaka mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho 2007, na pamoja na kelele zote za makato na malipo yanayochelewa, wazo lenyewe limesimama: kile ambacho mmoja hakiwezi, wengi wanakichangia, na kila mmoja anabaki na jina lake kwenye gunia lake. Mnada nao siku hizi unaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi si lazima akanyage huku. Ila ghala halikwenda mtandaoni. Liko palepale, na karani wake na mizani yake, kwa sababu mnada wa hewani bila mzigo ulio mahali ni maneno matupu. Kazi za ofisi zimekwenda mtandaoni kwa mtindo huohuo, na watu wakadhani ghala halihitajiki tena.

Kwa hesabu ya fedha jambo hili ni jepesi. Kodi ya chumba ni laki tatu na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba, kama wenye nyumba wengi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 2,100,000. Hakuna hata mmoja wetu ambaye taasisi yake ingetoa hiyo kwa ajili ya mtu mmoja au watatu. Kwa viti sita, kila kiti kinabeba shilingi 58,000 na ushee kwa mwezi. Inveta na betri zake ndiyo usiseme. Mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea kituo cha gesi cha hapahapa Mtwara. Mtambo ukikohoa, mji mzima giza. Na gesi ya Mnazi Bay, tangu bomba likamilike 2015, nyingi inakwenda Dar es Salaam. Uchungu wa jambo hilo ulionekana barabarani 2013, bomba likiwa bado halijakamilika, na sina haja ya kuufufua. Nasema tu kwamba mtu wa Mtwara anayefanya kazi kwa kompyuta hujifunza mapema kutotegemea soketi ya ukutani.

Lililotuchosha halikuwa bei. Lilikuwa kodi ya zuio. Taasisi ikipanga inatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mzee mwenye nyumba akasema: "Mimi nataka hela yangu kamili. Hayo ya TRA mmalizane wenyewe." Taasisi ni mbili, mhasibu amepanga kama mtu binafsi, risiti iandikwe kwa jina la nani? Wiki tatu zilipita. Mwishowe kampuni yetu ikasaini mkataba peke yake, wengine wakatuandikia barua za kuchangia. Watu hawasemi mambo haya wanaposifia ofisi za pamoja. Mnagawana meza kwa dakika tano, na karatasi zinakula mwezi.

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tulianza kwa kuchangiana sawasawa, mpaka ikagundulika kuna mtu anachemsha birika kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hatukugombana, ila kwa wiki moja salamu zilikuwa fupi. Sasa kuna daftari linaloning'inia kwa kamba nyuma ya mlango: tarehe, aliyenunua, uniti ngapi. Chama kikuu cha ushirika kinaweza kuwa na kompyuta za kisasa, lakini mkulima anachokiamini ni kile kitabu ambacho jina lake limeandikwa akiona. Na sisi ni hivyohivyo.

Mei 2024 ndipo nilipoona thamani ya kile chumba kwa macho. Mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi yakakwama, bidhaa zikaanza kupanda. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ya nchi nzima ikawa inatambaa. Kwanza barabara, kisha mtandao, tukawa kama kisiwa. Nyumbani kwangu bando langu lilikuwa la kampuni moja, na kampuni hiyo ilikuwa imelala kabisa. Ofisini ruta moja kati ya mbili ilikuwa inapumua. Sita tukawekeana zamu: asasi ya afya ilipewa asubuhi watume taarifa zao Dodoma, sisi mchana, mhasibu akaomba usiku na akakabidhiwa ufunguo. Timu yetu ilipeleka takwimu za wiki ile siku mbili nje ya muda. Peke yangu Chikongola ningepeleka maelezo ya kwa nini sikupeleka.

Kuna faida nyingine isiyoingia kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mwaka huu tulipokea binti kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane. Mimi ndiye niliyekuwa namsimamia, nikamfundisha kusafisha takwimu. Nilipomuuliza mwishoni amepata nini, hakutaja takwimu. Alitaja simu za mhasibu. Alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwake, akamsikia akimwambia mteja, kwa upole wote, "Bosi wangu, hiyo siwezi kuiingiza mpaka uniletee risiti ya EFD," na mteja akipandisha sauti, yeye anashusha ya kwake. "Sikujua mtu anaweza kumkatalia mkubwa bila kugombana naye," alisema. Jambo hilo halifundishwi kwa barua pepe. Kijana anayeanza kazi chumbani kwake, akitumiwa maelekezo na kurudisha majibu, atajua kazi yake na asijue kazi kwa ujumla ikoje.

Kwa mikoa hii hilo ni zito. Neno "machinga", ambalo nchi nzima inalitumia kwa muuza bidhaa wa barabarani, linatokana na vijana wa huku waliokwenda Dar kutafuta. Gesi inapanda kaskazini, korosho nyingi inapakiwa melini ikiwa ghafi, na vijana wanafuata. Kazi ya mtandaoni ndiyo ya kwanza kwa miaka mingi inayoweza kumlipa kijana mshahara wa Dar akiwa Mtwara. Lakini ukimwacha peke yake chumbani, mwaka wa pili atahama. Wawili ninaowafahamu wamehama, wote kwa sababu moja: "Huku nimesahaulika."

Makao makuu yana pingamizi lao, na lilitufikia kwa barua ya mistari miwili: ofisi ya nini tena, si tulikubaliana mnafanyia nyumbani? Jibu langu ni kwamba gharama ya ofisi haikufutwa walipotupeleka nyumbani. Ilihamishiwa kwetu: umeme wangu, bando langu, kiti changu cha plastiki kilichoniharibu mgongo. Wanachoombwa sasa ni kuchukua tena sehemu ya mzigo wao, kwa bei ya chini kuliko walivyokuwa wakilipa zamani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la siri. Wenzetu wa asasi ya afya wana orodha za wagonjwa, sisi tuna majina ya wakulima na ukubwa wa mashamba yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitambui urafiki wa chumba. Ndiyo maana kabati lina kufuli tatu. Simu za wagonjwa hupigwa kutoka kibarazani, na skrini zao zinatazama ukuta. Kama taasisi haiko tayari kwa usumbufu huo, ibaki nyumbani.

Na si kila mtu afike kila siku. Mmoja wa wale wa afya ananyonyesha, anakaa Mikindani, na bodaboda ya kwenda na kurudi inamuumiza mfuko. Anakuja Jumanne na Alhamisi, siku ambazo tumekubaliana kila mtu awepo. Huo sasa ndio mseto wa kweli. Wanaotaka chumba kijae Jumatatu hadi Ijumaa wanarudisha ofisi ya zamani kwa mlango wa nyuma.

Ninachokiogopa ni jambo hili kuchukuliwa na mradi. Tumeshaona vituo vikifunguliwa kwa utepe, kompyuta mpya, mabango ukutani, halafu ufadhili unaisha na kufuli linaota kutu. Mtwara yenyewe, mji na bandari yake, ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya karanga za Waingereza zilizokuwa zitoke Nachingwea. Karanga hazikufanikiwa, na reli iliyojengwa kuzibeba ikang'olewa miaka ya 1960. Kitu kilichojengwa kwa hesabu za mtu wa mbali hufa na hesabu zake. Ghala la chama linadumu kwa sababu mwenye gunia yuko jirani na anataka kujua ufunguo uko kwa nani.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda Newala kwenye chama kimoja cha msingi. Wana jengo zuri, ukumbi wa mikutano, ofisi mbili. Kuanzia Oktoba mpaka Januari pale hapapitiki. Miezi iliyobaki kuna mlinzi na kuku. Nikamweleza mwenyekiti: vijana wanne au watano wanaofanyia kazi za Dar na Dodoma majumbani mwao, wapewe ofisi moja kwa kuchangia, msimu ukianza wanawapisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniagizia soda, akawaita karani na mweka hazina waje kusikia na wao. Nikarudia tangu mwanzo. Walipotazamana, mweka hazina ndiye aliyeuliza.

"Sawa, mwalimu. Na LUKU atanunua nani?"

Nilitoa simu nikawaonyesha picha ya lile daftari la nyuma ya mlango. Karani akaomba nimtumie.